Krismasi ya Jua Kali katika Nyumba za Kampala

Ifikapo katikati ya mwezi wa Desemba, mvua za vuli huanza kuviaga vilima vya Kampala. Mawingu mazito yatokayo upande wa Ziwa Viktoria hupungua, vumbi jekundu huinuka katika barabara za Katwe na Kawempe, na jua hung'aa tangu asubuhi hadi jioni. Mji huu umo karibu mno na mstari wa ikweta, ambao hukata barabara ya Masaka pale Kayabwe, mwendo wa kilomita 70 na kitu kutoka mjini. Hata hivyo, kwa kuwa umeinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, joto lake halichomi kama lile la pwani. Haya ndiyo majira ambayo wakazi wake husherehekea Krismasi, au Ssekukkulu kama Waganda waiitavyo.

Kadi nyingi za Krismasi zinazouzwa madukani huonyesha nyumba zilizofunikwa na theluji, kana kwamba sikukuu hii haiwezi kufika mahali penye jua. Watoto wa Kampala nao hutandaza nyuzi za pamba juu ya matawi ya mti wa Krismasi, ili theluji ya kwenye kadi ionekane sebuleni. Pamba hiyo si ngeni nchini: ililetwa kuwa zao la biashara mwaka 1903, na kwa miaka mingi ndiyo iliyowapatia wakulima wa Uganda fedha za kodi, za nguo na za shule. Wala theluji yenyewe haiko mbali mno, kwani milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109, huwa na theluji juu yake mwaka mzima. Lakini ndani ya mji Krismasi ni sikukuu ya kiangazi, na mama wa nyumbani aijuaye hali hiyo hulitumia jua badala ya kulilalamikia.

Katika nyumba ya askari, sikukuu hii ina hesabu yake ya pekee. Siku ambayo raia wanapumzika ndiyo siku ambayo askari wengi huwa kazini. Tangu mabomu ya Julai 2010 yalipowaua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia mjini Kampala, na tena baada ya milipuko ya Novemba 2021 karibu na Kituo Kikuu cha Polisi na Bunge, ulinzi wa makanisa, masoko na vituo vya mabasi wakati wa sikukuu umekuwa jambo lisilo na mzaha. Likizo hupungua na zamu huongezeka. Kwa hiyo yule anayebaki nyumbani, awe mke wa askari au mume wa askari wa kike, huandaa karamu ambayo hajui kama mwenzake atakaa mezani. Aidha, huiandaa kwa mshahara wa Desemba, ambao mara nyingi hutolewa mapema kabla ya sikukuu, na ambao hapana budi uvuke Januari yote. Mwanzoni mwa muhula wa kwanza, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, watoto watadai ada, madaftari na sare. Maandalizi ya nyumba hiyo hupimwa kwa mambo mawili: sahani ya aliye zamuni, na ada ya shule.

Jua na usafi wa nyumba

Kazi ya kwanza haigharimu fedha nyingi. Shule hufungwa mwanzoni mwa Desemba, na watoto wakubwa huwa nyumbani wakiwa na nguvu za kutosha. Katika siku za mwanzo za jua, magodoro, mito na mablanketi hutolewa nje na kuanikwa tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, yakigeuzwa pande zote mbili. Unyevu wa miezi ya mvua hukauka na harufu ya ukungu huondoka. Fremu za vitanda nazo hutolewa, nyufa zake zikamwagiwa maji yanayochemka, kwani humo ndimo kunguni hujificha.

Kuta zilizochafuliwa na moshi na mikono ya watoto hupakwa chokaa. Yafaa kazi hii ifanywe angalau wiki mbili kabla ya sikukuu, ili ukuta ukauke na harufu iishe kabla ya wageni kufika. Sakafu ya saruji husuguliwa kwa maji na sabuni, kisha hupakwa nta na kung'arishwa kwa kitambaa kikavu. Mapazia na vitambaa vya viti vilivyofumwa kwa mkono hufuliwa, hutiwa wanga kidogo na kupigwa pasi.

Nje ya nyumba mna kazi iliyo muhimu zaidi kuliko pambo lolote. Mvua huacha maji katika makopo, matairi ya zamani na mitaro iliyoziba, na humo mbu huzaliana. Malaria huzidi baada ya mvua, wakati uleule wageni wanapojazana vyumbani na watoto wanapolazwa sakafuni pasipo chandarua. Mama mwenye busara huhakikisha kwanza kwamba mtaro wa uani unapita maji, kwamba makopo yamezikwa au kufunikwa, na kwamba chandarua za ziada zimefuliwa na kushonwa matundu kabla hajafikiria maputo na karatasi za rangi.

Kibanda cha mabati

Katika kambi za polisi za Kampala, zikiwamo Nsambya na Naguru, familia nyingi zimelelewa katika vile vibanda vya mviringo vya mabati vilivyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni. Katika baadhi ya kambi vibanda hivyo vimeanza kupisha majengo ya ghorofa, lakini walioishi ndani yake wanajua jinsi bati linavyofanya kazi: saa sita mchana kibanda huwa kama tanuri, na alfajiri huwa baridi kama mtungi wa maji.

Wenyeji wa nyumba hizo wamejifunza mbinu zao. Mlango na dirisha hufunguliwa mapema asubuhi ili hewa baridi iingie, kisha pazia jepesi huteremshwa upande unaopigwa na jua. Penye nafasi, hupandwa mgomba au mmea wa kutambaa ili ukuta upate kivuli. Chakula cha Krismasi hupikwa nje chini ya turubai, na meza ya wageni pia huwekwa nje, kwa kuwa mtu hawezi kumkirimu mgeni huku akimchemsha. Chumba hubaki kuwa mahali pa kuwekea vyombo safi na kulaza watoto wachanga.

Jambo moja halina budi kurudiwa kila mwaka. Sigiri ya makaa isiingizwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama usiku ni wa baridi na hata kama makaa yanaonekana yamekwisha moto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na waliolala hawapati hata nafasi ya kukohoa. Mishumaa nayo isiwashwe karibu na matawi makavu na pamba, maana pambo la mti wa Krismasi katika kiangazi hushika moto upesi.

Mapambo yatokanayo na ardhi

Kwa wiki mbili kabla ya sikukuu, kando ya barabara za mji huonekana vijana wakiuza matawi ya miti ya jamii ya misonobari. Tawi moja la kimo cha mtoto, likisimamishwa katika kopo lililojazwa mchanga na mawe na kumwagiwa maji kila siku, hukaa bila kukauka hadi siku yenyewe. Kopo huvikwa karatasi au kitambaa, na watoto hupewa kazi ya kukata nyota kutoka katika maboksi.

Lakini Buganda ilikuwa na mapambo yake ya nyumba zamani, kabla mti huo haujajulikana. Makaburi ya Wafalme huko Kasubi, ambayo yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, yakaungua Machi 2010 na kujengwa upya, yalijulikana kwa sakafu iliyotandazwa majani ya mchaichai na mikeka iliyofumwa. Majani hayo hunukia yanapokanyagwa. Mpaka leo ziko nyumba za Kampala ambazo hutandaza mchaichai kidogo karibu na mlango, kisha mkeka mpya juu yake, na mgeni akivua viatu hujua kwamba amengojewa. Mkeka huo hautupwi baada ya sikukuu. Utatumika mwaka mzima, jambo lisiloweza kusemwa juu ya maputo.

Sokoni na mfukoni

Anayetaka kuujua mji huu katika wiki ya mwisho ya Desemba, na aende Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, au Nakasero, au Kalerwe asubuhi na mapema. Mikungu ya matoke hushushwa kutoka katika malori, kuku hufungwa miguu wawili wawili, na wauzaji wa nguo za watoto huita wateja kwa sauti zilizokauka. Bei ya kuku wa kienyeji, ya nyama na ya nyanya hupanda kadiri sikukuu inavyokaribia.

Kwa sababu hiyo, matayarisho yafaayo huanza Novemba. Vifaranga wa kuku wa nyama wakinunuliwa mwanzoni mwa mwezi huo huwa tayari kwa sufuria baada ya wiki 6 hivi. Kuku wa kienyeji akinunuliwa mapema na kulishwa mabaki ya jikoni, bei ya wiki ya mwisho haimhusu mwenye nyumba. Mchele, karanga, chumvi, sukari na sabuni hununuliwa kidogo kidogo na kuwekwa katika vyombo vyenye mifuniko. Makaa nayo yanunuliwe kabla ya mkumbo, maana upatikanaji wake umekuwa mgumu zaidi tangu serikali ilipopiga marufuku, mwaka 2023, uchomaji wa makaa ya biashara katika kaskazini ya nchi ili kuokoa misitu.

Novemba pia ni msimu wa senene. Panzi hao wa kijani huuzwa barabarani wakiwa hai au wakiwa wamekaangwa kwa chumvi na vitunguu. Wakikaangwa vizuri hadi wakauke, wakatiwa katika chombo kisichopitisha unyevu, huweza kungoja meza ya Krismasi. Wazee wa Buganda hukumbuka kwamba mke aliyemkusanyia mumewe senene alistahili kupewa gomesi mpya, lile vazi la heshima ambalo jina lake limetokana na fundi Mgoa aliyeitwa Gomes.

Katika mitaa mingi majirani huchangishana kwa miezi kadhaa, wakanunua ng'ombe mmoja na kugawana nyama. Askari nao wana vyama vyao vya akiba na mikopo: Wazalendo kwa wanajeshi, na Exodus kwa polisi. Vyama hivyo ni msaada mkubwa kwa anayejenga nyumba au kulipia masomo. Lakini mkopo uliochukuliwa kwa ajili ya soda, viatu na muziki huliwa siku moja na kulipwa mwaka mzima. Yafaa, siku mshahara unapoingia, ada ya shule na kodi ya nyumba zitengwe kwanza na kuwekwa mahali pasipofikika kwa urahisi. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Akiba haiozi.

Watu wa makamo mjini hawahitaji kukumbushwa kwamba Krismasi inaweza kusherehekewa kwa vitu vichache. Baada ya wafanyabiashara wa Kiasia kufukuzwa mwaka 1972, sukari, sabuni na chumvi ziliadimika kwa miaka mingi na magendo yakashamiri. Vijana nao wameonja: Krismasi za mwaka 2020 na 2021 zilipita chini ya amri ya kutotoka nje usiku, iliyodumu tangu Machi 2020 hadi Januari 2022. Katika nyakati hizo zote, wenye nyumba waligawana walichokuwa nacho.

Sufuria za kambini

Chakula kikuu cha Krismasi katika Kampala ni matoke, nacho hakipendi haraka. Ndizi mbichi humenywa jioni ya tarehe 24, hufungwa ndani ya majani ya mgomba yaliyotolewa uti wa kati, kisha hupangwa katika sufuria kubwa juu ya vipande vya uti huo ili maji yasizifikie. Huiva kwa mvuke. Zikishalainika, hubonyezwa zingali ndani ya majani, na kurudishwa juu ya moto mdogo kwa saa kadhaa. Kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyokuwa laini na za manjano.

Pembeni yake huwekwa luwombo. Inasimuliwa kwamba mlo huo ulibuniwa mwaka 1887 na mpishi wa Kabaka Mwanga. Jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto hadi lilegee, hutiwa ndani kipande cha kuku au nyama pamoja na mchuzi wa karanga au uyoga, hufungwa kama kifurushi na kupikwa kwa mvuke. Kila mlaji hupewa kifurushi chake. Kwa familia yenye mtu zamuni faida yake ni dhahiri, kwani kifurushi hicho hubebeka na hukaa na joto lake kwa muda mrefu.

Lakini kambi si Buganda peke yake. Katika ua mmoja wa Mbuya au Nsambya huishi Mwacholi, Mlango, Mteso, Mnyankole, Mlugbara, Mgisu na Mganda, nao huzungumza Kiswahili ili waelewane. Siku ya Krismasi lugha hiyo huwa pia ya sufuria. Huku hutoka ugali wa wimbi, kule malakwang iliyoungwa kwa siagi ya karanga na ufuta. Nyumba ya tatu hutoa eshabwe ya samli, ya nne malewa, yaani machipukizi ya mianzi kutoka mlima Elgon. Watoto hupita na sahani zilizofunikwa vitambaa, na hairudi sahani tupu. Wengi huwaomba majirani Waislamu wawachinjie kuku, ili hata wao wakaribishwe mezani pasipo wasiwasi. Nao Waislamu watafanya vivyo hivyo siku ya Idi.

Kwa kuwa jua ni kali na nyumba nyingi hazina jokofu, nyama isingoje. Ipikwe siku iliyonunuliwa, na ikibaki ichemshwe tena asubuhi na jioni. Chakula kisiachwe mezani kwa zaidi ya saa mbili, na kiporo kipashwe moto mpaka kitokote kabisa. Maji ya kunywa yachemshwe siku iliyotangulia na yapoe ndani ya mtungi wenye mfuniko.

Waondokao na wabakio

Nusu ya pili ya Desemba, Kampala huanza kuhama. Vituo vya mabasi na teksi hufurika watu wenye mabegi, mikate na magodoro, wakielekea Masaka, Mbarara, Mbale, Gulu na Arua. Nauli hupanda vibaya siku mbili za mwisho. Anayeweza kuwatanguliza watoto wiki moja mapema huokoa fedha na kuwaepusha na msongamano. Nyumba inayoachwa ikabidhiwe jirani anayeaminika, umeme uzimwe, na habari za safari zisitangazwe ovyo.

Wapo pia wanaobaki, hasa jamaa za walio zamuni, na hao ndio huwapokea ndugu watokao mashambani kuja kuuona mji. Mgeni aelezwe mapema mahali pa kulala na siku za kukaa, si kwa uchoyo, bali kwa kuwa chumba ni kimoja na unga unapimwa.

Usiku wa tarehe 24, makanisa ya Namirembe na Rubaga, yanayotazamana juu ya vilima vyake, hujaa waumini. Waanglikana walifika Buganda mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, na tangu hapo vilima hivyo viwili vimekuwa kama mihimili ya mji. Milangoni husimama askari wakipekua mikoba. Wengi wanaoingia huwapita bila kuwatazama, wala hawafikirii kwamba nao wana watoto wanaouliza baba yuko wapi.

Nyumbani, kwa desturi ya Waganda, firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba, na hakuna mwingine aigusaye. Siku ya Krismasi, mke wa askari aliye zamuni huitoa kwanza kabla ya kugawa nyama, huifunga pamoja na luwombo yake, na kuiweka pembeni mwa moto. Pengine mtoto mkubwa ataipeleka langoni mwa kambi. Pengine itangoja, ikipashwa moto mara mbili au tatu, hadi mwenyewe arudi alfajiri ya tarehe 26 na viatu vyenye vumbi jekundu. Atakuta watoto wamelala kwenye mkeka mpya chini ya chandarua, maji ya kuoga yamewekwa, na chakula chake kina moto. Juu ya kabati, ndani ya bahasha ambayo haijafunguliwa, patakuwa na ada ya muhula wa kwanza.